Chupa Iliyokuja Baridi

Siku yangu ya kwanza katika labo ya hospitali ya Kindu, nchi ikiitwa Zaire, mkuu wa labo hakunionyesha darubini. Alinishikisha chupa ya mkojo. "Iko na joto?" Nikasema ndiyo. "Basi imetoka kwa mugonjwa sasa hivi. Ikija baridi, citoyen, uliza ilitoka wapi." Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoitana enzi zile.

Sukari tuliipima kwa macho. Tulitia matone ya mkojo ndani ya dawa ya buluu, tukapasha moto juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa nyekundu kama tofali, ni hatari.

Baadaye nilitumwa Punia kwa muda; niliporudi Kindu, alilazwa fundi wa reli mwenye kidonda mguuni. Kipimo cha kwanza kilitoa tofali. Vilivyofuata, kila asubuhi, buluu safi. Lakini kidonda kilizidi kunuka. Daktari mkuu akaamua: "Sukari imeshuka, lakini mguu bado unaoza. Kesho tunakata."

Mimi sikuamini. Asubuhi ile nilishika chupa yake: baridi. Nikaipeleka wodini.

"Papa, hii njo yako?"

"Yangu. Ya nani tena?"

"Nipatie ingine sasa, niko hapa."

Akatazama ukuta. Jirani yake wa kitanda, mchimbaji wa Kalima, akacheka ndani ya blanketi. Mke wa fundi, aliyekuwa amefika na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na samaki, akamgeukia: "Unacheka nini, weye?"

"Mama, sombe yako ni tamu. Kila siku nailipa kwa mukojo."

Ndivyo walivyobadilishana. Fundi alimwachia mchimbaji chakula cha mkewe, mchimbaji akamjazia chupa usiku, na fundi mwenyewe akashinda na biskuti, maziwa matamu ya kopo na soda za dukani. "Nikimaliza moja, mwili unaita ingine," alininong'oneza. "Kiu haiishi." Soda ilimwongezea sukari, sukari ikamrudishia kiu.

"Basi kula biskuti zako, wakukate mpaka kichwa!" mkewe akafoka. Kisha akaketi kitandani, akamlisha sombe kwa mkono wake.

Nilipomweleza daktari, aliahirisha kisu, akaanza sindano za insulini. Vidole viwili vilikwenda, mguu ulibaki. Siku ya kutoka, nilimwona fundi akitupia jicho duka la ng'ambo ya barabara. Mkewe pia aliona, akamshika kiwiko.

Sasa nimestaafu, nakaa Mikelenge, mtaa wa hapa Kindu. Kila sherehe wajukuu hunipa soda. Naishika kwanza, baridi mkononi, na kujiuliza: hii kiu ni yangu, au imetoka kwa chupa niliyomaliza kabla ya hii?