Kijani cha Kisimani

Mdogo wangu alikufa kabla hajajua kutembea, tukamzika mtelemkoni nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Kalenga. Ilikuwa miaka ya hamsini, kiangazi kikali, na baba alikuwa amekwisha kupata kazi ya barabara Mbeya. Tulikuwa tunahama. Mama hakulia mbele ya watu, ila jambo moja lilimkosesha usingizi: mvua za kwanza zingekuta kaburi halina hata unyasi mmoja, udongo ungeporomoka wote hadi mtoni, na sisi tusingekuwapo kuurudisha.

Alipanda ukoka, akaumwagilia kila jioni. Ukakauka. Akaupanda tena, mbuzi wa jirani wakaumaliza. Nilimchukia yule jirani na mbuzi wake, na mpaka leo sijawasamehe.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu, mtu wa maneno mengi, alituonyesha glasi ya maji yenye nyuzi za kijani, zile zinazoteleza kwenye mawe ya kisima. Alisema huo ni mwani, na kwamba mimea yote ya nchi kavu, nyasi, mahindi, hata miti, ni ukoo mmoja nao. Mababu zao walitoka majini wakazoea kuishi kwenye udongo. Nikamsimulia mama tukiwa kisimani. Kina mama walikuwa na zamu ya kukwangua utando ule na kuutupa mbali, na siku hiyo zamu ilikuwa yake. Hakuutupa. Aliujaza kwenye ungo, akapanda nao kilima, akautandaza juu ya kaburi, akiupapasa pembeni ili upepo usiuinue.

Ulipendeza. Kwa jioni moja kaburi la mdogo wangu lilikuwa la kijani kuliko kitu chochote mtelemkoni, na mama akala ugali wake wote kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kesho yake mchana utando ulikuwa umekauka kama karatasi, mweupe, unabanduka vipande vipande. Mama alichuchumaa, akaokota kipande, akakivunja kwa vidole. Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

“Mwalimu wenu alisema hawa wa majini walichukua muda gani mpaka kuwa nyasi?”

Nikamjibu kwamba alisema ni miaka mingi, isiyohesabika.

“Sisi tunaondoka Jumamosi, mwanangu,” akasema, akainuka kwenda kufunga mizigo.