Mbolea Iliyolala Mbugani

Aliyemwaga mbolea mbugani ni katibu wa kamati yetu ya pembejeo. Nalitanguliza hilo ili nisilisahau kwa hasira. Mwenyekiti wa kijiji alipata fununu mapema, akanyamaza kwa sababu katibu ni shemeji yake. Majina yao siandiki. Pale kijijini kwetu, upande wa Ruangwa unapokaribia Nachingwea, kila mtu anawajua.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ufunguo wa ghala nilipewa mimi. Wanaume wenye vyeti walikuwepo, wakanichagua mimi. Mwaka mmoja ilikuja mbolea ya kupandia kwa ajili ya mahindi, tukaipanga ghalani mpaka juu. Wiki moja ya mvua kubwa katibu akaja nyumbani.

"Dada, nipe ufunguo nikakague."

Nikampa, akakaa nao siku kadhaa ndipo akaurudisha. Kosa langu ni hilo tu, na nalikubali.

Siku ya kugawa, mifuko haikutimia. Katibu akauliza, ufunguo anao nani? Mwenyekiti akaninyang'anya ufunguo mbele ya mkutano, mtu mzima mimi, watoto wangu wanaangalia. Mume wangu akafunga nguo zake akarudi kwao Matambarale, eti hawezi kula sahani moja na mwizi.

Nikashika mundu. Nikawa nakata nyasi za kuezekea kule mbugani, nafunga mizigo, nauza mpaka Mandawa. Mbuga ile haijalimwa tangu tuzaliwe. Nyasi zake ndefu, ngumu, paa linakaa miaka. Nilikula kwa nyasi zile, nikasomesha kwa nyasi zile, sikumpigia mtu goti.

Lakini palikuwa na kipande kimoja, ukubwa wa uwanja wa nyumba mbili, kimebadilika. Kwanza kiliungua kama kimemwagiwa maji ya moto. Mvua zilizofuata kikawa kijani kuliko kote, ila siyo nyasi zetu. Magugu ya majani mapana, na mimea inayotambaa yenye maganda kama ya kunde. Miaka ikapita, nyasi ya kuezekea haikurudi.

"Hapo pamelogwa," wenzangu walisema, wakapazunguka.

Mimi nikachimba kwa jembe. Nikakuta vidonge vya kijivu, vigumu, na nyuzi za mfuko. Nikampelekea mwenyekiti kwenye khanga.

"Mifuko imezagaa dunia nzima, mama," akanijibu. "Utaokota mingapi?"

Nikafunga khanga yangu nikaondoka. Nilijua nilichokiona.

Mwaka jana wakaja wataalamu wa udongo wakitokea Nachingwea. Siku hizi wafugaji wameingia na ng'ombe, basi walitaka kujua kama mbuga ikiwekewa mbolea ya fosfeti malisho yatakuwa mazuri. Kiongozi wao binti mdogo, kavaa buti, anatoboa ardhi kwa chuma na kutia udongo kwenye vifuko. Nikamwita kwenye kipande changu.

"Mama, hapo ni nje ya mstari wetu."

"Mstari umeuchora wewe, nyasi nazijua mimi. Toboa."

Akacheka, akatoboa.

Majibu aliyaleta mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilitoka kukata nyasi moja kwa moja, mundu mkononi. Akasema mbuga yote ina kidogo sana fosforasi, chakula cha mimea kilichomo kwenye mbolea ya kupandia, na nyasi zetu zimezoea njaa hiyo. Ukiwashibisha wageni, yaani magugu, wao ndio watakaozisukuma nje. Kote ni hivyo, isipokuwa mahali pamoja.

"Pale mama aliponionyesha, fosforasi imejaa. Mtu alimwaga mbolea nyingi."

"Labda ng'ombe walilala," mwenyekiti akadakia.

"Ng'ombe gani huyo anakunya mbolea ya kupandia?" nikamuuliza. Watu wakaangua kicheko.

"Ya zamani au ya juzi?" mzee mmoja akauliza.

"Ya miaka," binti akajibu. "Mbolea za aina nyingine huondoka na mvua. Fosforasi inashikana na udongo. Unapoiweka ndipo unapoikuta."

Nikasimama. "Haya. Mwizi anaiba auze, au aweke shambani kwake. Nani aibe mbolea akaitupe porini?"

Dereva wa trekta wa pale kijijini, mtu wa watu, akasimama taratibu.

"Niliibeba mimi. Katibu aliniambia ni chokaa iliyoharibika."

Katibu akatazama viatu vyake. Akasema aliingiza ufuta wake ghalani upande mkavu, mifuko ya mbolea akaisogeza penye bati lililotoboka. Ikalowa, ikaganda kama jiwe. Akaogopa.

"Ukaogopa," nikasema, "ukanivisha mimi wizi."

Mkutano ukafungwa, watu wakaanza kutawanyika. Mwenyekiti akanifuata nyuma ya mti, akanyoosha ufunguo chinichini kama anayetoa ugoro.

"Shika, mama. Yaishe."

"Uliuchukua mbele ya watu. Utaurudisha mbele ya watu."

Akaguna. Nikakaa chini. Nikamwambia nina siku nzima, nyasi hazikimbii. Ikabidi apige kelele, "Wananchi, rudini, rudini kidogo!" Wakarudi, wengine wanatafuna muhogo. Akasema kwa sauti kwamba mimi sikuiba. Nikamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Akanyoosha ufunguo kwa mikono miwili.

Niliupokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika mundu, na mundu ule sikuona sababu ya kuuweka chini.