Elinaza na Koki ya Kushoto

Elinaza alikuja chuoni Same kutoka Myamba, milimani, akiwa na godoro, begi moja na uzoefu wa maji. Baba yake ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, na yeye alimfuata huko tangu utoto. Mimi Jenifer nililala kitanda cha juu yake mwaka mzima, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Bomba la bweni la wavulana lilipasuka Jumatatu, likazibwa kabla ya chai ya saa nne. La kwetu lilipasuka Jumatano ya wiki hiyohiyo, likakaa wiki saba. Fundi alikuwepo na spana alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba alikuwa mwanaume, na kanuni ilisema mwanaume haingii bweni la wasichana. Mshauri wa wanafunzi, Mwalimu Loth, alituambia analinda heshima yetu. Kisha akatabasamu, akaongeza kuwa msichana wa milimani hashindwi na ndoo. Nilitamani kumtwika moja.

Tukawa tunachota maji jikoni. Foleni ilianza alfajiri, na vipindi vya asubuhi vikatupita. Elinaza alikuwa akiwachotea na wenzetu wawili waliokuwa wagonjwa, kwa hiyo alikosa vingi kuliko sote. Barua ikaja: mahudhurio hayatoshi, hatafanya mtihani wa mwisho wa muhula. Alilia siku nzima. Kesho yake alimfuata fundi, Mzee Swalehe wa Makanya, akampa shikamoo na kumwomba asimame nje ya ukuta, mkabala na dirisha la bafu letu.

Kwa siku tatu, saa za vipindi, Mzee Swalehe alikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitengeneza bafu ambalo hakuwahi kuliona. Elinaza, akiwa ndani na spana ya mzee, alitaja anachokiona, mzee akamjibu ageuze nini. Wapita njia walidhani anagombana na matofali. Siku moja mzee alimwelekeza vibaya, tukaoga sote na nguo zetu. Siku ya nne maji yakatoka, na mzee kule nje akapiga makofi peke yake.

Barua haikufutwa. Mwalimu Loth alisema kanuni za mahudhurio hazina kipengele cha bomba.

Wiki mbili kabla ya mtihani, bomba la wavulana likapasuka tena. Mzee Swalehe alikuwa msibani, simu yake haipatikani. Maji yakateremka ngazi, na godoro la mtu likatoka mlangoni bila mwenyewe. Mwalimu Loth akaja mbio kumwita Elinaza. Kanuni ya kumzuia mwanamke kuingia kwa wavulana haikuwepo kabisa. Wafagiaji na wauza maandazi waliingia kila siku. Elinaza alikwenda mpaka nje ya ukuta wao, akapindua ndoo, akaketi.

"Ingia, binti, hakuna anayekuzuia," Mwalimu Loth alimwambia.

"Nalinda heshima yao, Mwalimu. Shika spana, nitakuelekeza."

Basi mshauri wa wanafunzi akaingia bafuni na tai yake. Tulimsikia dirishani akitaja anachokiona: koki mbili, moja kushoto na moja kulia, na maji yanayomfika magotini. Akauliza afunge ipi. Elinaza akamuuliza kama anajua yeye kazi hii alijifunza saa ngapi. Akajijibu mwenyewe kwamba ni katika vile vipindi alivyoandikwa hayupo.

Wavulana wakaanza kumsihi mwalimu wao, heshima ikipungua kadiri maji yalivyopanda.

"Nitaifuta barua," sauti ikatoka dirishani.

"Na kanuni?"

"Fundi ataingia, akisindikizwa na matroni. Nifunge ipi?"

"Ya kushoto."

Mzee Swalehe aliingia bwenini kwetu asubuhi ya mtihani wa kwanza, matroni akiwa mbele yake. Mimi mtihani wangu ulikuwa mchana, nikawafuata. Mzee hakuuliza njia. Alinyoosha hadi bafuni, akakagua kila kiungo, akakosa cha kukaza. Akauliza binti yuko wapi, tukamwambia yuko kwenye chumba cha mtihani. Akanawa mikono, akalifunga bomba polepole, akasema Elinaza aambiwe kwamba fundi alikuja na hakukuta kazi.