Mke Mwenza Mla Mawaridi

Wanawake wengine huwaonea wivu wanawake wenzao. Mimi nilimwonea wivu pongo, yule swala mwekundu wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni, na wivu wenyewe haukuwa wa mzaha. Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tulikuwa tumehamia Rebero, mlimani pembeni mwa mji, nyumba ya mwisho kabisa, na ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa palikuwa na vichaka tu. Mimi ni mtoto wa Rwezamenyo, mtaa wa Waswahili mjini, nimekulia kwenye vibaraza vinavyotazamana, mahali ambapo mwanamke akivaa kitenge kipya huambiwa kimempendeza kabla hajafika dukani. Mume wangu alizaliwa kwa watu wa ng'ombe, huko milimani, akaja mjini kutunza ghala Gikondo. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi. Ila maneno aliyatoa kwa kijiko, na tangu anioe hakuwahi kuniambia nimependeza.

Ndiyo maana nikapanda mawaridi. Vipandikizi nilivitoa kwa mama, nikavipandisha mlima ndani ya mikebe ya maziwa ya unga, nikavipanga toka mlangoni hadi chini ya dirisha letu. Nilijua mtu anaweza kumpita mke wake bila kumsifu, lakini mawaridi mekundu yaliyofunguka hawezi kuyapita asiseme neno, na neno hilo lingenitosha. Yakaanza kufunguka. Akayapita akienda kazini, akayapita akirudi. Nikasema moyoni, subira, yakifunguka yote atasema.

Hayakupata kufunguka yote. Asubuhi moja, jua halijatoka, nilifungua mlango nikakuta vijiti vitupu, na katikati yake amesimama huyo bibi pongo, anatafuna ua la mwisho taratibu kama yuko kwao. Nikachukua ufagio. Mume wangu akanishika mkono kwa nyuma.

“Usipige yeye,” akasema kwa Kiswahili chake cha milimani. “Angalia macho. Iko na macho ya inyana kabisa.”

Inyana ni ndama jike. Kwao hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Mwanamume humwambia msichana ana macho ya inyana, na msichana akayakumbuka maneno hayo mpaka uzeeni. Mimi sikuwahi kuambiwa hata nina macho ya kuku.

Tangu siku hiyo mtu niliyezoea kumwamsha kwa kumvuta blanketi akawa anaamka mwenyewe alfajiri. Alimwekea mnyama wake maganda ya viazi vitamu, akasimama mlangoni akimsifu kwa sauti ya chini, kwa majina marefu ya fahari kama wanavyosifu ng'ombe wao: mrembo wa makundi, mwendo wa bibi harusi, usiyechosha kutazamwa. Nilikuwa nimelala namsikia, roho inaniuma. Dada yangu alipokuja kututembelea nikamsimulia, akacheka hadi akashika mbavu. Akasema wenzangu huletewa wake wenza wa miguu miwili, mimi nimebahatika, wangu hata nguo hadai. Sikucheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku zake zilishapita zamani, na jembe ningempa la kichwa.

Nikaanza na matawi ya miiba. Kila asubuhi niliyakuta yamesogezwa pembeni, yamepangwa vizuri, miiba ikitazama ukuta. Pongo hana mikono. Nikatundika mikebe kwenye kamba ili akiigusa ipige kelele. Mume wangu akaitungua, akasema siku hizi za vita kelele za usiku zitawatoa majirani na marungu, wakidhani ni adui. Alisema kweli, na hilo likanikasirisha zaidi.

Bibi mmoja jirani yetu ndiye aliyeniambia habari za amaganga, mkojo wa ng'ombe, ambao wakulima wa huko huumwaga kandokando ya maharage ili wanyama wasiyaguse. Nikaomba dumu zima kwa mchunga ng'ombe wa bondeni, nikalipandisha mlima huku nimeziba pua kwa ncha ya kitenge, nikamwagia kila shina. Kwetu Rwezamenyo jioni za Alhamisi nyumba hunukia ubani. Sasa yangu ilinuka zizi, nami nikajisemea la kuvunda halina ubani.

Jioni ileile mume wangu akarudi kutoka Gikondo, akasimama penye uzio, akavuta pumzi. Nikajiandaa kwa ugomvi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu mchana. Badala ya kugomba akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakaa katikati ya mashina na kufumba macho.

“Hapa iko nanuka nyumbani,” akasema.

Na akaanza kusimulia. Uwanja wa mama yake, moshi wa zizini, ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na tabia yake, mpaka yule wa mwisho aliyeuzwa yeye akiwa mtoto, akamsindikiza akilia hadi barabarani. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile. Ikawa hivyo kila jioni. Pongo hakuja tena, mawaridi yakachipua, nami kwenye mkeka kando yake nikajiona nimeshinda.

Jioni moja kitu kikachakarisha kwenye uzio. Akayakata maneno katikati, akageuka upesi, uso wote umewaka. Mimi hajawahi kunigeukia hivyo. Alikuwa kuku wa jirani. Uso ukazimika. Akayatazama mawaridi, akanitazama mimi.

“Ulifanya vizuri,” akasema. “Maua iko mazuri.”

Ndilo neno nililokuwa nikilingoja tangu nivipande vile vijiti, nalo limekuja kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Wivu ukanipanda upya, mchungu kuliko wa mwanzo, maana sasa nilikuwa namwonea wivu asiyekuwapo.

Kesho yake nikamwaga amaganga kama kawaida, shina kwa shina, ila waridi la chini ya dirisha nikaliruka. Dirisha hilo liko upande wangu wa kitanda. Kama ni lazima amtazame, nilijiambia, basi amtazame akiwa ameniinamia mimi.

Haikuchukua siku nyingi. Alfajiri moja nikasikia ua linatafunwa nje, kisha kitanda kikalia. Mume wangu akapiga magoti ubavuni mwangu, akaegemeza mkono begani kwangu ili alifikie pazia, na akaanza, kwa sauti ile ya chini, yale majina yote, hadi la macho ya inyana. Pumzi yake ilikuwa sikioni mwangu. Nikafumba macho, nikayapokea yote.