Pua ya Kiwanda

Kwa miaka kumi na tisa Edinah Nyakerario alikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja karibu na Nyaramba, na watu walimwita Pua. Walinzi wakimwona asubuhi walitangaza, "Fungueni, Pua amefika!" Naye alicheka akapita. Hakuona tusi ndani yake.

Vikombe vyeupe vilipangwa mstari, naye akavipitia na kijiko, akifyonza kwa mlio uliowachekesha wageni, kisha akitema ndooni. Lakini ustadi wake ulianza kabla ya vikombe. Aliingia chumba ambamo majani yaliyosagwa huachwa yachachuke, akainama na kufumba macho. Mwanzoni yalinukia nyasi mbichi. Baadaye ilikuja harufu nyingine, ya ndizi ambazo mama yake, kule Nyamache, alizivundika chini ya majani makavu hadi zikaiva. Ikimfikia hiyo, aliinua mkono, na majani yakapelekwa kwenye kikaushio. Wengine walitazama saa.

"Saa haina pua," alikuwa akisema.

Machi mwaka jana pikipiki ilimgonga mjini Kisii. Alilala hospitalini wiki tatu. Daktari alimwambia mwanawe, Lewis, kwamba ubongo umeumia, ila kumbukumbu itarudi polepole. Ikarudi kweli. Habari ya pua hakuna aliyeuliza. Mwenyewe aligundua nyumbani, siku uji wa wimbi ulipoungua mbele yake, jirani yake Mokeira akaingia mbio.

"Mama Lewis! Unataka kutuchoma? Moshi huu wote huusikii?"

Hakuusikia. Aliuona tu.

Hakumwambia mtu. Bila pua angekuwa nani? Alirudi kazini akiwa na saa mkononi. Ulimi ulibaki ukitambua ladha ya uchungu na ukali, basi, kwa hiyo akajifunza kumsoma Sharon, binti aliyekuwa akifundishwa kazi naye. Sharon akikunja uso juu ya kikombe, Edinah alisema, "Hii hapana." Sharon akitulia, Edinah alisema, "Sawa." Wafanyakazi walishangaa jinsi ajali ile isivyompunguza hata kidogo.

Ikaja wiki ya mvua nyingi, kuni za kikaushio zikalowa. Asubuhi ya Jumatano Sharon alipita mezani uso umetulia kama maji ya mtungini. Edinah akapitisha vikombe vyote. Baada ya kitambo meneja, Onyiego, aliingia, akaonja viwili, akasimama.

"Madam, umeonja hivi?"

"Nimeonja."

"Chai hii imejaa moshi! Mnunuzi atadhani tumeikaushia jikoni kwa nyanya yangu." Akamgeukia Sharon. "Ni wewe. Umebadilisha vikombe, Madam hawezi kukosea hivi."

"Sijabadilisha, sir." Sharon alipenga kamasi, macho yamejaa machozi. "Nina mafua tangu jana. Sisikii kitu. Nilimwachia Mama Lewis."

Edinah alimtazama yule binti. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Onyiego alikuwa tayari kuamini lolote isipokuwa ukweli, na Sharon angefukuzwa siku hiyohiyo.

"Mwache mtoto," alisema. "Yeye ana mafua, yatapona. Mimi sisikii harufu tangu ile ajali."

Onyiego aliweka kikombe chini taratibu. "Tangu Machi? Na umekuwa ukionja nini?"

"Uso wake."

Sharon alicheka kwa mshtuko, kisha akaziba mdomo.

Edinah aliomba dakika chache. Aliingia chumba cha kuchachusha, akainama juu ya majani, akafumba macho kama alivyofanya siku zote. Hakuna kilichokuja. Ndizi za mama yake alizijua bado, rangi yake, uzito wake mkononi, mahali zilipokuwa zikifunikwa nyuma ya nyumba. Harufu yake ndiyo aliyoitafuta, akaikosa hata kwenye kumbukumbu.

"Mama Lewis," Sharon aliita mlangoni, "majani tayari?"

"Sijui," alisema. "Mwite mwenye saa."