Filamu Mbili na Asubuhi ya Kupalilia

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Shule hakuniuliza shahada yangu. Alitazama viganja vyangu.

"Jembe unalijua, Ndugu Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba nimesomea fizikia.

"Sikukuuliza hilo," akasema, kisha akanipangia kidato cha tano na cha sita, pamoja na matuta kumi na mawili ya mahindi nyuma ya maabara. Enzi zile za Ujamaa shule ilijilisha yenyewe, na mwalimu alipalilia pamoja na wanafunzi wake.

Fundi wa maabara alikuwa Mzee Benedikti, Mluguru wa kijiji cha misheni huko juu mlimani. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaongeza: "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Pwani. Wewe umetuletea mzigo gani?"

Nilikuwa nimebeba swali. Mwanga ukipita kwenye nyufa mbili nyembamba sana, huacha mistari ya giza na nuru inayopishana, kwa kuwa mawimbi ya nyufa hizo hukutana, pengine yakaongezana, pengine yakafutana. Hata ukiupunguza mwanga mpaka upite chembe mojamoja, mistari hujengeka vilevile, kana kwamba kila chembe imepita kote kuwili. Lakini ukiweza kujua chembe imepita ufa upi, mistari hutoweka. Kitabu chetu kilisema hutoweka kwa sababu mtu ametazama. Chuo kikuu nilimwuliza mhadhiri, je, akitazama mbuzi? Akaniambia nikokotoe, niachane na falsafa.

Sikuachana nayo. Niliwaambia kidato cha sita wasiiamini sentensi ile, nao wakaanza kubishana na kitabu kizima. Mkuu wa Shule akaandika barua mkoani kwamba navuruga vijana mwaka wa mtihani. Akatumwa Mkaguzi aamue kama nibaki na kidato cha sita au nishushwe nikafundishe hesabu za kidato cha kwanza. Kwangu ilikuwa sawa na kuvuliwa shati mbele ya watu.

Nilimlalamikia Mzee Benedikti, na kisa chote nikamweleza. Alicheka.

"Kwetu kuna njia mbili za kushukia sokoni. Alfajiri nyasi zimejaa umande. Anayetangulia huupukuta. Mimi nikija nyuma najua kapita wapi, ingawa sikumwona. Na siku nikilala, nisije, umande si umeshapukutika?"

Niliketi juu ya kreti ya chupa. Sikuwahi kusikia jambo lile likisemwa wazi namna hiyo. Mwanga nao ungeweza kutiwa alama ya njia uliyopita, pasipo mtu yeyote wa kuisoma.

Mzee alikuwa na miwani ya jua aliyoachiwa na padre aliyerudi kwao, ya aina inayopitisha tu mwanga unaotikisika upande mmoja. Tulikata vipande viwili, kimoja tukakisimamisha kwenye ufa wa kwanza, kingine tukakilaza kwenye ufa wa pili, ili mwanga wa kila ufa utoke na alama yake.

"Nikipofuka juani," akasema, "utanishika mkono, mbeba mizigo wewe."

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, naye alifundisha fizikia zamani.

"Una ushahidi kwamba kitabu kimekosea, Mwalimu, au una mdomo tu?"

Nikaweka filamu ya kwanza, ya kamera, nyuma ya nyufa tupu. Tukawasha taa ya rangi moja, tukafunga maabara, ufunguo akautia mfukoni mwake, na shule nzima ikaenda kupalilia. Baada ya saa moja tulirudi sisi wawili, nikaweka filamu ya pili na vile vipande vya miwani, tukafunga tena, tukarudi shambani. Mkaguzi alinishinda kupalilia.

Tulipozisafisha kwa dawa, filamu ya kwanza ilikuwa na mistari iliyopangika kama meno ya kitana. Ya pili ilikuwa na wingu la kijivu tu. Mkuu wa Shule aliishika kwa ncha za vidole kama anayeshika kifaranga.

"Sote tulikuwa shambani," akasema taratibu. "Nani alitazama?"

"Hakuna," nikasema kwa kiburi. "Mtazamaji hahitajiki. Nimemaliza."

"Hujamaliza," akasema Mkaguzi. "Umeonyesha kwamba alama inatosha kuifuta mistari. Kwa nini chembe iangukie hapa na si pale? Wako wanaosema wimbi huporomoka. Wako wanaosema yote hutokea, kila moja na ulimwengu wake. Wewe unasemaje?"

Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa mlangoni, majembe mabegani. Nilitamani neno kubwa.

"Sijui."

Akaandika kwenye faili lake, akanigeuzia nisome: *Anajua anapoishia. Abaki.*

Nilibaki. Baadaye nilipelekwa kufundisha Turiani, kisha chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikosoma kwamba wataalamu wameipa hali ile jina, dikoherensi: hewa, vumbi na joto hubeba alama za kila kitu vinachokigusa, na mawimbi hupoteza upatanifu wake. Nao walikiri kwamba swali la Mkaguzi bado liko palepale.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama chembe ya mwanga bado inanishangaza. Chembe nimeizoea. Kinachonishangaza ni mlima wa Uluguru, asubuhi ukungu unapofunguka. Hesabu inasema mlima wote ule unaonekana mahali pamoja kwa kuwa mwanga na mvua havikomi kuugusa. Hesabu naielewa. Mlima bado.