Magoti ya Kusalimia Wakwe

Juzi hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi, bibi mmoja alimuuliza mtaalamu wa viungo kama Jumamosi ataweza kupiga magoti na makofi mbele ya wakwe, kama tunavyosalimia sisi Wafipa.

“Bado, bibi. Magoti hayajawa supple,” alisema mtaalamu. “Yaani laini, ya kukunjika.”

Katekista mstaafu, mgonjwa mwenzetu, akadakia: “Neno hilo la Kiingereza asili yake Kilatini. Lilimtaja mtu aliyepiga magoti kuomba.”

“Unasikia, baba?” bibi akamwambia mtaalamu. “Walipiga magoti kwanza, ulaini ukafuata. Nishike mkono.”

Akashuka taratibu, akapiga makofi.

Mtaalamu akacheka. “Basi nenda, ila uwe na wa kukuinua.”

Mimi, tangu nimzike mume wangu, nasali nimekaa kitini. Jioni ile nyumbani nilipiga magoti kusali. Kushuka kulikuwa rahisi. Kuinuka kulichukua rozari nzima.